Herufi Nane Nane za Kaaha Bare

Kaaha Bare aliwadharau watu wengi, na ukimkuta siku njema angekueleza sababu zake bila kuombwa. Wenye malori aliwadharau kwa kuwa na pesa nyingi na elimu kiduchu. Walimu aliwadharau kwa kujua kusoma bila kusoma chochote. Watu wa misaada, waliojaa Garissa miaka ya njaa kisha wakaondoka wakiacha mahema yaliyotoboka na friji zisizopoza, nao aliwadharau, ila hao aliwapunguzia kidogo, kwa sababu mhandisi wao mmoja aliyesafirishwa haraka na malaria yake alimwachia sanduku la vitabu na majarida ya kompyuta. Vitabu hivyo Kaaha alivisoma kama wenzake walivyosoma barua za posa. Alirudia kurasa, akaandika pembeni kwa penseli, na mara nyingi alichoandika kilikuwa kumsahihisha mwandishi.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, hajaolewa, na mji ulikuwa umeshaacha kumuuliza kwa nini, maana majibu yake yaliwasha. Aliishi Iftin na mama yake, Khadijo, na mdogo wake wa pekee, Yahye. Kila asubuhi alifungua ofisi ya chama cha wenye malori ya mifugo. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, kompyuta moja kati ya zile zilizoachwa na watu wa misaada, na redio ya mawasiliano ambayo huko wote waliiita taar. Kwa taar hiyo alizungumza na Bute, kaskazini kabisa, siku mbili za lori kwenye vumbi. Bute ilimwambia lori gani limepakia ng'ombe wangapi, linaondoka lini na litapitia wapi.

Ubaya wa taar ni kwamba haina faragha. Mwenye hoteli yeyote aliyekuwa na redio ya masafa mafupi alizungusha kitufe mpaka akawanasa, na wateja wake wakanywa chai huku wakimsikiliza Kaaha kama wanavyosikiliza mchezo wa redio. Leseni iliwataka waongee Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo kila mtu alielewa, hata askari wa kutoka bara, hata majambazi vichakani. Mwaka wa tisini na tano malori mawili yalivamiwa, utingo mmoja akapoteza jicho, na mara zote mbili njia ilikuwa imetajwa hewani asubuhi ile ile. Yahye alikuwa dereva wa lori la Bute. Kila alipokuwa safarini, chakula kilimkwama dada yake kooni mpaka asikie breki za lori nje ya uzio. Yahye hakuwamo katika orodha ya wanaodharauliwa. Katika mji mzima, ni yeye na mama yao tu walioponyoka.

Upande wa Bute taar ilishikwa na mzee Nunow. Kwa miaka sita Kaaha alikuwa akiisikia sauti yake bila kumwona uso, na alidai kwamba hiyo ni nusu ya neema. Nusu nyingine aliisubiri siku mzee atakapostaafu. Nunow hakuweza kusema neno moja la kazi kabla ya kumaliza salamu, na salamu zake zilikuwa ndefu kuliko kazi yenyewe.

"Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh," angeanza. "Kaaha, binti yangu, habari ya asubuhi? Mama Khadijo hajambo? Mguu yake nabata nafuu? Mfua nanyesha huko? Sisi haba tunashukuru, ngamia nazaa, watoto nasoma. Bole kwa kazi, binti yangu, bole sana."

Kaaha angeweka kipokezi mezani na kuchonga penseli. Akimaliza kuichonga, mzee bado yuko kwenye ngamia.

Mapema mwaka wa tisini na sita, mwenyekiti wa chama, Haji Dekow, alileta dawa ya kuvamiwa. Dawa yenyewe ilikuwa mpwa wake, Abdilatif, aliyetoka Nairobi na tai shingoni katika joto lile, cheti cha miezi sita na disketi moja. Ndani ya disketi, alisema, mlikuwa na programu ya kufumba maneno. Unachapa ujumbe, kompyuta inautafuna vipande vya herufi nane nane kwa kutumia neno la siri, kisha inatoa takataka ambayo unaisoma hewani herufi moja moja. Mwenzako wa Bute, mwenye kompyuta na neno hilo la siri, anairudisha kuwa maneno. Kompyuta ya pili ilipelekwa Bute ikiwa imefungwa kwenye godoro, pamoja na jenereta. Wajumbe wa kamati walipiga makofi.

"Sista, hii ni mambo ya mbele sana," Abdilatif alimwambia Kaaha. "Wewe usijisumbue kuelewa. Chapa tu."

Kaaha alichapa tu, kwa miezi miwili. Kisha siku moja aliitandaza mezani takataka ya siku nne na kucheka peke yake. Mistari miwili ya kwanza ya kila ujumbe kutoka Bute ilikuwa ile ile, herufi kwa herufi. Hakuhitaji malaika wa kumwambia mistari hiyo ilikuwa nini. Mzee Nunow alikuwa akifumba na salamu zake.

Hapo ndipo alipoona jinsi programu ile ilivyokuwa kichekesho. Mtaalamu wa Nairobi alichofanya ni kukutanisha kila herufi ya ujumbe na herufi ya neno la siri kwa amri moja tu ya mashine, akifika ya nane anaanza tena ya kwanza. Amri hiyo ukiifanya mara ya pili inajifuta. Ukijua maneno ya mwanzo, unayakutanisha na takataka, na neno la siri linajitokeza lenyewe likiwa uchi. Na ni nani katika mkoa mzima asiyejua maneno ambayo Mwislamu huanza nayo? Kaaha alitumia penseli na nusu saa. Neno la siri likatoka: ABDILATI. Mpumbavu alikuwa ametumia jina lake mwenyewe, na hata hilo halikuenea kwenye herufi nane.

Alilipeleka kwenye mkutano wa kamati kwenye kipande cha karatasi, akakiweka mbele ya Haji Dekow.

"Siri yenu hii hapa," alisema.

Abdilatif aligeuka rangi, akamgeukia mjomba wake. "Ameiba disketi yangu, abti."

"Disketi yako sikuigusa. Nimesalimiwa tu na mzee Nunow."

"Majambazi wanaweza kufanya hivyo?" Haji Dekow aliuliza.

"Mwenye penseli anaweza."

"Mbona miezi hii yote hawajagusa lori?"

"Bahati," Kaaha alisema. Na ni kweli kwamba tangu programu ile ya kijinga ianze, hakuna lori lililovamiwa, jambo ambalo lilimuudhi zaidi kuliko kama lingevamiwa, Mungu amsamehe. Haji Dekow alijikuna ndevu, akamtazama mpwa wake, akamtazama Kaaha, akauliza kama kuna mtu anayeweza kutengeneza iliyo bora, na kama mtu huyo ni mwanamume. Kaaha alimjibu swali la kwanza tu.

Ilimchukua miezi mitatu. Katika majarida ya mhandisi yule kulikuwa na maelezo ya mtindo ambao mabenki hutumia, na Kaaha aliuchukua mtindo huo, akautengeneza upya kwa lugha ya mashine yenyewe, amri moja moja, kwa sababu kompyuta yao ilikuwa mzee wa kukokota miguu na lugha zenye starehe zilikuwa zikiilaza usingizi. Kila fungu la herufi nane alilikata nusu mbili. Nusu moja ilivurugwa na ufunguo, yaani neno la siri, ikapitishwa kwenye jedwali alilolipanga mwenyewe kwa mkono, kisha ikachanganywa na ile ya pili, halafu zikabadilishana viti. Hivyo mara kumi na sita. Mwishoni kila fungu lilichanganywa na takataka ya fungu lililotangulia, na fungu la kwanza lilichanganywa na namba iliyobadilika kila siku. Maana yake, salamu zile zile zingetoka na sura mpya kila asubuhi. Nunow angeweza kusalimia mpaka ngamia wote wazae, na asiwepo wa kuambulia kitu.

Siku kumi na moja alizipoteza kwa kosa moja. Prosesa ile ilibeba baiti mbili tu, yaani herufi mbili, kwa mara moja, na nusu ya fungu ilikuwa baiti nne, kwa hiyo ilibidi aizungushe kwa vipande viwili. Biti, ile chembe ya baiti, inayodondoka kutoka kipande cha kwanza lazima ishikwe mpaka iingie cha pili. Yeye katikati aliweka amri ya kujumlisha ambayo iliipangusa biti hiyo kimyakimya. Fumbo lilitoka vizuri, lakini halikurudi. Alipoligundua kosa alijitukana kwa sauti, kwa Kisomali, matusi ambayo kwa kawaida aliyaweka kwa ajili ya wengine, na muuza maziwa aliyekuwa mlangoni akaondoka bila kudai pesa za maziwa yake.

Lakini ilifanya kazi. Abdilatif alipewa takataka ya wiki nzima ajaribu kuifumbua. Aliirudisha baada ya siku mbili akisema macho yanamuuma.

Yahye ndiye aliyeipeleka disketi Bute, ikiwa ndani ya karatasi ya nailoni kwenye mfuko wa shati, na ufunguo ameukariri kichwani. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mcheshi, na alikuwa mtu pekee aliyethubutu kumtania dada yake.

"Abaayo, ukishamaliza kuwafichia majambazi siri zetu, utufichie na sisi ulimi wako," alimwambia akipanda lori.

"Endesha lori lako," Kaaha alisema, akamwekea tende na chupa ya chai kitini.

Wiki ya majaribio ilikwenda bila doa. Nunow aliweza kuitumia programu siku ya kwanza, jambo ambalo lilimshangaza Kaaha, naye hakumpa sifa. Alichokiona ni salamu. Kila baiti iligeuzwa kuwa herufi mbili ili isomeke hewani, basi salamu ya herufi arobaini ikawa themanini, na kila herufi ilitamkwa mara mbili ili mtu asikosee. Mzee alimsomea salamu robo saa nzima, akafuata mguu wa mama, akafuata mvua. Kaaha aliziandika zote, akazifumbua zote, na alipofika kwenye neno la kazi lilikuwa moja: "Tumepokea." Alimwambia Haji Dekow kwamba ametengeneza kufuli la benki na wamelifungia ghala la makapi.

Jumanne moja ya Oktoba dereva aliyetoka Wajir aliingia ofisini akiwa bado na vumbi kwenye nyusi. Alisema amepishana na wachungaji waliokimbia njia ya Eldas. Wamewaona watu kumi na wawili wenye bunduki wamelala kwenye lagha, mkondo wa mto uliokauka, si watu wa kuchunga, na wana siku mbili hapo wakingoja kitu. Kaaha aliangalia saa. Lori la Yahye lilikuwa linaondoka Bute baada ya swala ya alasiri, na njia yake ilikuwa ya Eldas.

Hakuogopa. Hii ndiyo siku ambayo programu yake iliumbwa kwa ajili yake. Akisema wazi hewani, wale watu kumi na wawili wangesikia kwamba wameonekana, wahamie barabara kuu kumsubiri Yahye huko. Akifumba, wangebaki wamelala pale pale na lori lipite mbali nao. Aliketi, akachapa: LORI LISIPITE ELDAS. PITENI BARABARA KUU MPAKA WAJIR. MSICHELEWE.

Vidole vyake vilikuwa tayari vimeanza na salamu, kwa mazoea. Akazifuta. Kufumba hakukumtaka azifute, maana hilo alikuwa amelimaliza kwa miezi mitatu ya jasho. Alizifuta kwa sababu alichoka. Alitaka Bute waone, angalau mara moja, ujumbe wa mtu mwenye akili ulivyo: safi, mfupi, bila mbwembwe. Alitaka mzee Nunow ajifunze.

Alimsomea herufi. Nunow alizirudia bila kosa. Mzee akaanza kuchapa upande wa pili. Kisha sauti yake ikarudi, ya polepole.

"Kaaha, binti yangu. Mama Khadijo hajambo?"

"Umepata ujumbe?"

"Nimebata. Mguu yake je?"

"Mzee, soma ulichotumiwa."

"Nasoma. Binti yangu, uko na mtu habo ofisini?"

Kaaha alikuwa na Haji Dekow, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti akisubiri chai, na hakuona kwa nini awatajie wanywaji chai wa Garissa nzima nani amesinzia wapi. Mzee anatafuta umbea, akafikiri. Amenyimwa salamu, sasa anazidai rejareja.

"Fanya ulivyoandikiwa," alisema. "Mwisho." Akazima taar.

Jioni hiyo alikula wali na nyama ya mbuzi, na kwa mara ya kwanza tangu Yahye aanze kuendesha lori, chakula kilishuka.

Alhamisi adhuhuri askari alikuja kutoka kituoni na ujumbe wa Wajir. Lori lilivamiwa njia ya Eldas, kwenye lagha ile ile. Utingo alikimbia akapona. Yahye alipigwa risasi mbili akiwa usukani na alikufa kabla ya kufikishwa Wajir, na alikuwa ameshazikwa huko asubuhi hiyo.

Kaaha alimwendea mama yake akamwambia. Kisha, wanawake walipoanza kujaa nyumbani, alitoka akaenda ofisini, akawasha kompyuta, akaufumbua ujumbe wake mwenyewe kutoka kwenye karatasi. Ulikuwa sawa. Aliufumbua tena. LORI LISIPITE ELDAS. Hakuna biti iliyodondoka. Basi ni yule mzee, alijisemea, kiziwi, kipofu, amechapa ovyo, amesoma kinyume, na chuki ikamjaa kifuani mpaka ikamsaidia kusimama. Siku tatu za tanzia aliishi kwa chuki hiyo. Haji Dekow alipokuja na kusema wataanza tena kutumia programu ya Abdilatif, kwa sababu angalau ilikuwa na baraka, alimgeuzia mgongo.

Siku ya nne mzee Nunow mwenyewe alifika Iftin. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, ndevu zimepakwa hina, kanzu imeliwa na vumbi la siku mbili juu ya magunia ya mahindi. Aliwapa mkono wanaume waliokuwa nje, akaomba aonane na binti. Walimkalisha kwenye mkeka uani, Kaaha akaja akasimama mbele yake. Alikuwa ameyapanga maneno. Siku tatu alikuwa akiyanoa.

Mzee hakumngoja. Alisalimia, akamuombea marehemu, kisha akaanza kulia kabla ya kusema, na hapo akaacha Kiswahili cha leseni akaongea Kisomali, nacho kilikuwa kizuri, cha mtu aliyelelewa na maneno.

"Nilijua, binti yangu," alisema. "Ujumbe ulipotoka mkavu, bila salamu, nilijua wamekukamata. Nikakuuliza ya mama yako, nikakuuliza kama uko na mtu, nikasikia unavyojibu, na moyo wangu ukafa. Yahye alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma begani kwangu. Nilimwambia tungoje mpaka kesho. Akasema hapana. Akasema, dada yangu ananiandikia tangu nikiwa bweni Wajir, na hajawahi kuniandikia hata mstari bila salamu. Huyu si yeye. Hawa wamemwekea bunduki, wanataka tupite barabara kuu, basi wako barabara kuu. Akasema apitie Eldas haraka, afike Garissa akutoe mikononi mwao. Hakungoja hata alasiri."

Wanawake waliokuwa wakipika waliacha kukoroga. Mzee Nunow alijifuta uso kwa ncha ya kilemba, akamtazama msichana wa taar kwa huruma ambayo hakuna mtu Garissa aliyewahi kumtazama nayo.

"Nimekuja nikuombe msamaha kwamba hatukuwahi," alisema. "Walikuwa wangapi, hao waliokushika?"

Kaaha alikaa chini kwenye mkeka. Mama yake alikuwa mlangoni, mkono kwenye nguzo, naye anangoja kusikia.

"Hakuna aliyenishika, adeer," alisema. "Ni mimi niliyeandika."